Jalada Liko kwa Tetere

Kwa miaka kumi na tisa hakuna jalada lililotoka kwenye masjala ya ofisi ya vibali bila kuacha kadi nyekundu mahali pake. Kadi ile ilikuwa na mistari mitatu: aliyechukua, tarehe, sahihi. Mtunza masjala aliishika kanuni hiyo kwa meno, hata wenzake wakaacha kumwita jina alilopewa na wazazi wake, wakamwita Kadi. Mkuu wa ofisi mwenyewe aliwahi kusimamishwa mlangoni na jalada kwapani, akarudishwa ndani kama mtoto aliyesahau kunawa mikono, mpaka alipotia sahihi. Kadi hakuwa na kiburi. Aliamini tu kwamba kitu kikiondoka mahali pake lazima pabaki neno la kusema kimekwenda wapi, na mtu asiyeelewa jambo dogo kama hilo alimpa maumivu ya kichwa.

Sasa, ofisi ilifungwa siku nne kwa mapumziko. Kabla ya kuondoka, Kadi alishusha rafuni jalada moja tu, jalada lake mwenyewe, akaliweka kwenye trei ya Yanayosubiri iliyokuwa karibu na dirisha, ili Jumanne asubuhi limfikie Mkuu. Ndani yake mlikuwa na ombi la uhamisho. Mkewe alikuwa mkunga katika mji mwingine, mwendo wa saa nane kwa basi, na kwa miaka tisa ndoa yao ilikuwa ya simu na likizo. Mtunza masjala wa mji ule alikuwa anastaafu, na nafasi yake ingefungwa mwisho wa mwezi. Kilichobaki ni sahihi ya Mkuu kwenye ukurasa mmoja.

Jumanne Kadi alifungua mlango akakuta tetere amekaa juu ya jalada.

Si kwamba alikuwa ametua. Alikuwa amekaa, kwa ile maana ya mtu aliyehamia na vyombo vyake. Tetere ni njiwa mdogo, mpole, wa rangi ya vumbi la asubuhi, na katika ujenzi ni mvivu kupita kiasi. Kiota chake kilikuwa vijiti kumi na viwili (Kadi alivihesabu) vilivyotupwa juu ya jalada kana kwamba fundi alipokea malipo yote kabla ya kuanza kazi. Dirisha lilikuwa limepoteza komeo lake zamani. Chini ya kifua cha ndege palikuwa na yai moja jeupe.

Kadi hakuhitaji kuuliza kilichomleta. Miezi miwili nyuma, nje ya dirisha lile palikuwa na mti mkubwa uliokuwa unaziba bango la ofisi. Bango lilisema: Ofisi ya Vibali. Ofisi ikaiomba ofisi kibali cha kukata mti, ofisi ikaifikiria ofisi kwa siku tatu, ikaikubalia. Barua zote mbili zilipigwa mhuri na mkono mmoja, na mkono huo ulikuwa wa Kadi. Aliipiga ile ya pili bila kuinua macho. Sasa pale nje palibaki kisiki, na bango lilionekana vizuri sana. Kadi alimtazama ndege, ndege akamtazama yeye, na Kadi ndiye aliyeinamisha kichwa.

Wenzake walikuja kuchungulia mmoja mmoja, wakatoa ushauri uleule: mwinue kidogo, vuta jalada, mrudishe. Kadi alijaribu. Alichukua rula ndefu akaipenyeza chini ya vijiti taratibu, roho mkononi. Tetere aliruka hadi juu ya kabati. Kiota kikasogea, yai likabingirika mpaka ukingoni mwa trei, likasimama hapo, na Kadi naye akasimama hapo, viganja viwili vimelikinga, kwa dakika arobaini na tano, akiogopa hata kupumua kwa nguvu. Hatimaye ndege alirudi, akampita bila kumjali, akalisogeza yai kwa mdomo, akakaa. Kadi aliona haya kama mtu aliyekutwa akipekua mkoba wa mgeni. Aliirudisha rula kwenye droo akaifungia kwa ufunguo.

Mfanya usafi wa ofisi, mama wa makamo ambaye wote walimwita Shangazi, alifuga njiwa utotoni mwake. Alimwangalia tetere kwa jicho la mtu anayeijua kazi.

"Kesho ataongeza la pili," alisema. "Ukishaliona hilo, anza kuhesabu. Siku kumi na nne juu ya mayai. Siku kumi na nne nyingine makinda wapate manyoya, waruke."

"Ishirini na nane."

"Umehesabu vizuri, mwanangu."

"Kuanzia kesho mpaka mwisho wa mwezi ni siku ishirini na sita, Shangazi."

Shangazi aliuegemea ufagio wake. "Hapo hesabu imegoma," alisema.

Mchana Kadi alimpigia mkewe simu. Alimweleza yote, na mara ya kwanza mkewe alicheka mpaka akakohoa.

"Juu ya jalada letu?"

"Juu kabisa."

"Si uandike ombi jingine, mume wangu?"

"Ombi jipya lazima liingie kwenye jalada, lipewe namba. Barua isiyo na jalada si barua, ni karatasi." Maneno hayo alikuwa amewaambia watu kwa miaka kumi na tisa, na ndiyo mara ya kwanza yalimchoma yeye mwenyewe.

"Ana mayai mangapi?"

"Moja. Kesho mawili."

 "Basi usimguse," alisema mkunga, na simu ikakatika. Kadi hakujua kama ni mtandao au ni mkewe.

Lakini kanuni ni kanuni. Jalada lilikuwa limetoka rafuni, na aliyekuwa nalo hakuwa Kadi. Alitoa kadi nyekundu, kwenye mstari wa aliyechukua akaandika: Tetere. Akaweka tarehe. Mstari wa sahihi akauacha wazi, akaiegemeza kadi ukingoni mwa trei. Kufikia saa nane mchana mstari ule ulikuwa umeshatiwa sahihi, kwa rangi nyeupe.

Saa tisa Mkuu aliingia. Alikuwa mtu wa tumbo na taratibu, mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kukatalia.

"Bwana Kadi, jalada lako liko wapi? Nisaini niondoke."

"Limetoka, Mkuu."

"Kwa nani?"

Kadi alimpa ile kadi. Mkuu alivaa miwani ya kusomea. Aliitazama kadi, akamtazama ndege, akairudia kadi. Mtu mwingine angeangua kicheko, lakini Mkuu alikuwa amepanda vyeo vyote kwa kutocheka.

"Amesaini," alisema.

"Amesaini, Mkuu."

"Basi hatuwezi kumnyang'anya. Kanuni ya kumi na saba. Jalada hurudishwa na aliyelichukua. Mwandikie kumbusho."

Kumbusho la kwanza liliandikwa siku hiyohiyo. Lilimtaka mhusika arudishe jalada ndani ya siku saba au aeleze sababu. Kwa kuwa taratibu zinasema mpokeaji asiyejua kusoma asomewe, Kadi alimsomea, kwa sauti ya chini asije akamshtua. Tetere alipepesa jicho moja. Kadi akaandika pembeni: Amesomewa, hakujibu. Siku ya tatu aligundua kuwa tetere ni wawili. Jike alikaa tangu jioni hadi asubuhi, dume akaja saa nne akampokea hadi saa kumi, na hawakuchelewa hata siku moja, jambo ambalo katika ofisi ile halikuwahi kuonekana. Ilimlazimu Kadi afungue karatasi ya makabidhiano. Saa nne aliandika: Amepokea. Saa kumi aliandika: Amekabidhi. Alijikuta akiahirisha kila kitu saa hizo ili asiwakose.

Na ofisi nzima ikaanza kubadilika bila mtu kuitisha kikao. Feni ya darini ilizimwa, maana bawa lake lingemkata ndege vipande, na watu wakafanya kazi huku jasho likiwatiririka, bila kunung'unika sana. Mhuri, ambao zamani ulisikika mpaka barabarani, sasa ulipigwa juu ya taulo lililokunjwa. Shangazi aliacha kuchoma karatasi uani kwa sababu ya moshi, akaanza kuzifunga na kuzipeleka kwa wanaozitumia tena. Sumu ya panya iliondolewa. Paka wa jirani alipewa notisi ya maandishi, na kwa kuwa naye hakujua kusoma, alisomewa getini kila asubuhi na mlinzi, ambaye alimsomea kwa ukali wa kutosha. Watu waliokuja kugombana kuhusu vibali vyao waliambiwa kwa mnong'ono kwamba ndani kuna mtoto, na hasira zote ziliishia mlangoni. Kugombana kwa mnong'ono ni kazi ngumu. Jaribu mwenyewe.

Kilichoendelea kumkereketa Kadi ni kile kisiki. Kila alipoinua macho kilikuwa kinamtazama. Siku moja alichukua fomu ya kuomba kukata mti, fomu iliyokuwa na maswali ishirini na mawili kuhusu mwenye kiwanja na hakuna hata moja kuhusu mti, akaongeza la ishirini na tatu kwa kalamu yake, pale chini: Nani anakaa humo? Hakuomba ruhusa ya mtu. Akaitoa nakala mia mbili akazipanga kaunta.

Waombaji waliisoma, wakakuna kichwa, wakarudi nyumbani kutazama juu. Wengine hawakuwa wamewahi kutazama juu tangu wanunue kiwanja. Fundi seremala mmoja alirudi na jibu: kunguru wawili, popo wasiohesabika, na kenge mmoja ambaye hakutaka kusema lolote. Mama mwenye duka aliandika nusu ukurasa kuhusu bundi, kisha akaichana fomu mbele ya Kadi na kusema atahamisha choo badala yake. Katika wiki mbili maombi thelathini na moja yalitoka, yakarudi tisa. Mkuu aliliona lile swali, akavaa miwani ya kukatalia, akaivua, akaendelea kusaini.

Makinda walitoka siku ya kumi na nne, kama Shangazi alivyosema, wawili, wabaya wa sura kiasi cha kutia huruma. Mkewe alipopigiwa simu aliuliza kama wote wawili wanapumua vizuri. Hakuuliza kuhusu jalada. Kadi angefurahi kama angeuliza, maana ukimya ule ulimkaa kifuani siku nzima.

Kumbusho la pili halikujibiwa, wala la tatu. Baada ya la tatu, taratibu zinasema mhusika aitwe mbele ya kamati. Kwa kuwa mhusika hakuweza kuondoka kazini, kamati ilimfuata. Mkuu, mhasibu na katibu muhtasi walibeba viti vyao wakaingia masjala kwa kunyata, wakaketi mbele ya trei. Mkuu alisoma shauri kwa mnong'ono. Kisha akauliza kama mhusika ana la kusema. Tetere alikuwa analisha watoto. Katibu muhtasi akaandika: Hakuwa na la kusema.

"Mimi ninalo," alisema Kadi.

Huyu ni mtu ambaye hakuwahi kusema sentensi mbili mfululizo mbele ya Mkuu. Siku hiyo alisema robo saa. Alisema ndege huyu alikuwa na anwani yake na sisi ndio tuliomwondolea, kwa barua mbili na mhuri wangu. Alisema hakuomba kibali cha kuingia humu kwa sababu na sisi hatukuomba kibali chake cha kukata. Alisema katika siku kumi na tisa hajachelewa zamu wala hajaomba ruhusa ya kwenda msibani. Alisema jalada halijaharibika, linatumika tu, tena huenda ndiyo mara ya kwanza jalada la ofisi hii kumfaa mtu.  Mwisho alisema anaiomba kamati kwa heshima impe mhusika muda.

"Muda gani?" aliuliza Mkuu.

"Hadi atakapomaliza."

Kamati ilitazamana. Mhasibu alikuwa anafuta macho na kusingizia vumbi la majalada.

"Iandikwe hivyo," alisema Mkuu.

Siku ya ishirini na sita ilikuwa Jumatatu, siku ya mwisho ya mwezi. Saa tano asubuhi mlango wa masjala ulifunguliwa taratibu, akaingia mkewe. Alikuwa amepanda basi la saa tisa usiku, na bado alikuwa na viatu vya wodini. Hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye trei akainama, mikono nyuma, kama anavyowatazama watoto wa wengine kila siku. Makinda walikuwa wameshaota manyoya, wamebanana juu ya jina la mumewe.

"Wana afya," alisema. "Wa kushoto mlafi."

"Kesho kutwa wataruka," alisema Kadi.

"Na nafasi?"

"Inafungwa leo saa tisa na nusu."

Mkewe alivuta kiti akaketi. Alichukua lile faili la barua za tetere lililokuwa mezani, akalisoma lote, kumbusho la kwanza, la pili, la tatu, kisha kumbukumbu za kamati. Aliposoma yale maneno ya robo saa, alitabasamu. Kisha tabasamu likatoweka.

"Haya umeyasema wewe?"

"Mimi."

"Uliwaomba siku mbili zako? Uliwaandikia wale wa kule kwamba jalada litachelewa siku mbili?"

 Kwa kweli jambo hilo halikuwahi kumjia Kadi akilini.

"Sikuwaomba."

"Hukuwaomba." Aliliweka faili chini polepole, kwa ajili ya ndege. "Mume wangu, miaka tisa unaniambia ofisi haiwezi kusubiri. Nilijifungua mtoto wetu, ofisi haikuweza kusubiri. Nililazwa, haikuweza. Nikakubali, nikajua ndivyo ofisi zilivyo, zimeumbwa hivyo. Kumbe inasubiri. Imemsubiri tetere siku ishirini na sita, feni imezimwa, mhuri umewekewa taulo. Ilikuwa inangoja tu mtu aiombe."

Kadi aliinyoosha kadi nyekundu ukingoni mwa trei.

"Umefanya vizuri kwa ndege," alisema mkewe. "Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo. Ndiyo maana nimekasirika."

Saa sita aliondoka kuwahi zamu ya usiku. Saa tisa na nusu nafasi ilifungwa, akapewa mtu mwingine ambaye jalada lake halikuwa na mpangaji.

Jumatano asubuhi kinda mlafi alisimama ukingoni mwa trei, akapiga mabawa, akatoka dirishani kama kitu kilichorushwa vibaya. Wa pili alifikiri kidogo akamfuata. Walitua juu ya bango la ofisi, na kabla Shangazi hajamaliza kupiga vigelegele kwa mnong'ono, walikuwa wamelichafua herufi tatu. Kadi aliondoa vijiti kumi na viwili, akavihifadhi kwenye bahasha. Alilifuta jalada kadiri lilivyofutika, akalirudisha rafuni, akaiondoa kadi nyekundu. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Aliketi, akawasha feni, akaizima. Alitazama rafu zile, majalada elfu nne yaliyonyooka, hakuna hata moja lililopotea katika miaka kumi na tisa, na maji yakamfika shingoni.

Alitoa kadi mpya nyekundu. Aliyechukua: Mke wangu. Tarehe: Leo. Akatia sahihi, akaiweka juu ya kiti chake, akaiegemeza vizuri ionekane kutoka mlangoni. Chini yake akaacha kipande cha karatasi: Dirisha lisifungwe. Kisha akatoka.

Kumbusho la kwanza lilimfikia baada ya siku saba, kwenye nyumba ya mkunga, wakati anamsaidia binti yao hesabu za shule. Mkewe alimsomea kwa sauti. Kadi alipepesa jicho moja, hakujibu. Mkewe alijaribu kubaki na hasira yake, ikamponyoka, akacheka. La pili lilimkuta anatandika kitanda. La tatu lilisema kwamba kwa kuwa mhusika hajaondoka alipo, kamati itamfuata huko aliko.

Walifika siku ya Jumamosi, saa nane za basi, Mkuu, mhasibu na katibu muhtasi, na kila mmoja alikuwa amebeba kiti chake. Waliketi sebuleni. Walinong'ona, ingawa hakuna aliyewaambia wanong'one. Mkuu alisoma shauri lote, kisha akavua miwani zote mbili na kuziweka gotini.

"Je, mhusika ana la kusema?"

Kadi aliitazama mikono yake. Kwa ndege maneno yalikuwa yamekuja yenyewe. Sasa ilimbidi kuyavuta moja moja, na mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi, hafuti chochote.

"Naomba muda," alisema Kadi.

"Muda gani?"

"Hadi nitakapomaliza."

Katibu muhtasi alimtazama Mkuu. Mkuu alimtazama mkunga, akalitazama dirisha la sebuleni, lililokuwa wazi.

"Iandikwe hivyo," alisema.